Jirani wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Usiku wa jana niliota naitwa na mashine ya kusaga.

Mashine hiyo ipo kweli, hapa hapa Muheza, imepakana na nyumba yangu upande wa kulia. Upande wa kushoto anakaa Mama Hoza. Nyuma ni bonde la migomba na mbele ni barabara. Sina jirani mwingine. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza jirani gani, maana swali hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki sita nzima.

Ndoto hii naiandika kwa akina mama wenzangu, na kwa yeyote anayefikiria kuandika kitabu. Mimi niliishia darasa la saba. Nimeandika kitabu kimoja tu, chembamba, kinaitwa Mama, Tazama Chini ya Meza. Kinahusu vitu vinavyodhuru watoto ndani ya nyumba na sisi tumekaa hatua tatu tu kutoka walipo: kisima kisichofunikwa, waya uliochunika, maji ya moto, jiko la mkaa chumbani. Nilikuwa nawasumbua wenzangu kliniki kwa maonyo mpaka nesi mmoja akasema, "Mama Mwajabu, hebu andika, masikio yetu yapumzike." Nikaandika. Sasa duka la vitabu la hapa mjini lina kawaida ya kubandika mlangoni karatasi ya vitabu kumi vinavyonunuliwa kuliko vyote. Wiki sita zilizopita changu kikawa cha saba.

Watu wakanipa hongera. Mimi nikawa naitikia huku natazama upande wa kushoto. Sababu mtaiona.

Basi mashine ikazima yenyewe, ikapiga chafya ya unga, ikasema, "Mama Mwajabu, unaitwa kwenye Orodha. Nenda na kitabu chako na kadi yake."

"Kadi gani?"

"Ya kliniki. Kitabu chako hakina kadi? Mama gani wewe!"

Nikaona haya. Naingia uvunguni, natafuta, naipata nyuma ya sanduku. Imeandikwa jina la kitabu, na uzito wa kuzaliwa: kurasa arobaini. Chanjo: bado zote. Hilo la chanjo likanitia hofu. Nikakifunga kitabu mgongoni kwa kanga, nikatoka mbio na kandambili moja. Msitembee mguu mtupu, kuna misumari, lakini ndotoni huchagui.

Duka la vitabu si duka. Ni kliniki. Mabenchi ni yale yale, na harufu ya dawa ya kufutia sakafu ni ile ile. Waandishi wamekaa foleni wamepakata vitabu vyao. Mmoja anakipigapiga mgongoni kitabu chake kinene ili kicheue. Kikacheua mkato mmoja na nukta mbili, akazifuta kwa leso.

Orodha yenyewe imekaa kwenye kiti cha nesi. Ni karatasi ndefu, imevaa miwani, na pini ya kubandikia imepita katikati ya paji la uso. Haionyeshi kuumia. Kando yake inaning'inia mizani ya kupimia watoto, na kile kisuruali cha turubai.

"Masharti ni haya," inasema bila kuinua macho. "Kitabu kinapimwa, mwandishi anaulizwa anajisikiaje kuwa hapa. Akisema kweli, kitabu kinanenepa. Akisema maneno ya mgeni rasmi, kinakonda. Namba nane!"

Namba nane alikuwa Mzee Shemweta, aliyeandika kitabu cha kufuga nyuki. Akakitia kitabu chake kwenye kisuruali, akaweka sawa kofia.

"Unajisikiaje kuwa kwenye Orodha?"

"Najisikia heshima kubwa," akasema, "na ninawashukuru wasomaji wangu popote walipo."

Mshale ukashuka. Kitabu kikaanza kulia kwa mvumo wa nyuki.

"Mzee," Orodha ikasema, "mwanao anakonda."

Mzee akaitazama sakafu. "Kila asubuhi napita mbele ya duka. Najifanya nasoma tangazo la paka aliyepotea. Paka yule nimeshamjua mpaka ukoo wake. Macho yangu yapo kwenye namba nane."

Mshale ukapanda kidogo.

"Na?"

"Na siku nilipoingia nilimpigia simu shemeji yangu, aliyesema nyuki si habari ya kuandikwa. Nikamwambia kila kitu, kisha nikajifanya nimekosea namba."

Mshale ukaruka. Orodha ikagonga muhuri kwenye kadi, na Mzee Shemweta akatoka anatembea kama bwana harusi.

Mimi nikainua macho. Juu ya kabati la dawa amekaa binti, kavaa gauni la sherehe, miguu inaning'inia. Huyo ndiye namba moja. Huandika hadithi za mapenzi.

"Shuka, mwanangu," nikamwambia. "Kabati hilo halijafungiwa ukutani. Kabati lisilofungiwa huangukia watu."

"Shikamoo mama. Siwezi. Nina wiki tisa huku. Nikishuka, hata kwenda kujisaidia, wataandika nimeshuka."

"Unakula nini?"

"Pongezi."

"Zinashibisha?"

"Zinajaza tumbo tu, mama. Ukigeuka, njaa iko palepale."

Nilikuwa na chungwa pindoni, nikamrushia. Akalila pamoja na maganda. "Huku kuna upepo," akasema, mdomo umejaa. "Na mtu yeyote akicheka huko chini, nadhani anakicheka kitabu changu."

Nilimwonea huruma. Lakini nitawaambia kweli: huku namwonea huruma, macho yangu yalikuwa yanapima kabati lile lina urefu gani, na ukitaka kufika juu unakanyaga wapi.

"Namba saba! Mama Mwajabu!"

Nakifungua mgongoni, nakitia kwenye kisuruali. Kinarusha miguu. Sikujua kuwa kina miguu.

"Unajisikiaje kuwa kwenye Orodha?"

"Alhamdulillahi, nimefurahi."

Mshale ukashuka mpaka sifuri, ukaipita sifuri, ukaingia mahali pasipo na namba.

"Nina wasiwasi," nikasema haraka haraka.

"Wasiwasi umezaliwa nao," ikasema Orodha. "Huo hatuupimi. Huo ni uzito wa nguo."

Foleni nzima ikacheka, hata vitabu. Orodha ikalamba kidole, ikafungua ukurasa wa kumi na nne, ikasoma kama mtu anayeita majina ya wagonjwa: "Jirani yangu mmoja, mzembe, alitia mafuta ya taa kwenye chupa ya soda akaiweka chini ya meza. Mwanawe wa miaka mitatu akanywa. Akina mama, msiwe kama yeye." Ikavua miwani. "Aliyetajwa kitabuni naye hupimwa. Jirani aletwe."

Hapo ukuta wa kliniki ukavutwa kando kama pazia, tukawa jikoni kwangu, na mabenchi, na mizani, na foleni yote.

Chini ya meza ikatoka chupa ya soda ya machungwa, kifuniko kichwani kama kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Bado nanuka kidogo."

Nikajifanya siitambui. Lakini nimeshaitikia marahaba, kwa hiyo kujifanya hakukunisaidia.

Mlango ukafunguka, Mama Hoza akaingia na kanga yake ya nyumbani. Nyuma yake vinafuata vidole. Si watu. Ni vidole vitupu, vidole vya shahada, vinatembea vimesimama. Kimoja kimevaa pete, kimoja kina hina, kimoja kina kidonda kilichofungwa kitambaa. Vikapanda mabenchi, vikakaa, vyote vikamwelekea Mama Hoza.

"Hivi ni vya nini?" nikauliza.

"Ni wasomaji wako," Orodha ikajibu. "Kila nakala hutoka na kidole. Ulivielekeza kwa jirani, na jirani unaye mmoja."

"Ninao wawili. Kuna mashine."

"Mimi sina mtoto!" mashine ikafoka kutoka dirishani. "Nisiingizwe!"

Hapa nisimamishe ndoto kidogo niwaeleze kosa langu. Kwetu mtu akitoa onyo hasemi mimi. Husema "kuna mtu mmoja", husema "jirani yangu mmoja", hata kama mguu uliovunjika ni wake na bado una plasta. Ni adabu, na wanaosikiliza hujua, hunyamaza. Bombani inafaa, kwa sababu maneno ya bombani huisha ndoo zikijaa. Mimi nikalichukua neno la bombani nikalitia kwenye karatasi, tena nikaliongezea "mzembe" ili linoge. Kitabu kilipokuwa hakijulikani, hakuna aliyeuliza. Kiliposhika namba saba wakaanza: jirani gani huyo? Wakazitazama nyumba. Mama Hoza akaacha kuja kuomba kaa la moto. Akaacha kunisalimia juu ya ua. Nikasikia kuna mwanamke amemkataza mwanawe asinywe maji kwa Mama Hoza. Na bado kila siku mtu ananiambia hongera, nami nasema ahsante.

Turudi jikoni.

"Unaweza kunyamaza," Orodha ikaniambia, sauti laini kama ya muuza vitenge. "Ukinyamaza kitabu kitakonda zaidi. Kikikonda kinakuwa chepesi, na chepesi hupanda. Jirani mzembe ananunuliwa sana. Namba tatu hiyo hapo."

Ikachomoa ngazi kutoka kwenye ubavu wake, ngazi ya bati, mpya, inang'aa. Nje vidole vingine vilishaanza kupiga hodi.

"Namba tatu?" nikauliza.

"Pengine hata mbili."

Jamani, nilitamani. Nikaweka mguu kwenye ngazi, ule usio na kandambili. Bati lilikuwa na ubaridi mzuri. Nikapanda kidato cha kwanza. Kutoka pale niliona namba sita na namba tano, visogo vyao, na nilijisikia vizuri kuona visogo vya watu waliosoma.

"Shoga," Mama Hoza akaniita, "unapanda wapi na mguu mtupu?"

"Namba tatu."

"Na ngazi hii nani kaishika?"

"Hakuna."

"Si wewe mwenyewe unayesema ngazi isiyoshikwa haipandwi? Haya, ngoja."

Akaja. Akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaikita na goti, huku vidole vinamchoma mgongoni, chomo kwa chomo, kanga inatoboka. Akasema, "Panda basi, nimeshika."

Sikuweza kuinua mguu. Kidato cha pili kilikuwa hapo hapo, lakini mguu haukubali. Nilitazama chini nikaona utosi wake, na nywele tatu nne nyeupe ambazo mwaka jana hazikuwapo.

Nikashuka.

"Chupa ni yangu," nikasema.

Orodha ikavaa miwani.

"Chupa ni yangu, na mtoto ni wangu. Ni Mwajabu. Nilikuwa barazani nasukwa nywele, maneno yamenoga. Nikamsikia anakohoa. Nikaenda nikamtia kidole mdomoni atapike, na mafuta ya taa hayatapishwi, yakirudi yanaingia kifuani. Mama Hoza ndiye aliyenipiga mkono. Akasema, 'Usimtapishe, utamuua!' Akambeba mgongoni akakimbia naye mpaka zahanati, hana hata viatu. Mimi nilibaki nyumbani nazunguka natafuta kadi."

"Kweli tupu," chupa ikasema, ikavua kifuniko.

Mwajabu sasa yuko kidato cha pili na anajibu kwa jeuri, Mungu ashukuriwe.

Vidole vikaanza kugeuka. Kimoja kimoja, kwa mlio wa komeo. Vyote vikanielekea mimi. Nikafumba macho, nikangoja kuchomwa. Wiki sita nilikuwa naingoja saa hiyo, na kila nilipoifikiria nilijiona nimekufa palepale.

"Unajisikiaje?" Orodha ikauliza.

"Naona aibu mpaka magotini," nikasema. "Na nimepumua."

Nikasikia mizani inalia kwa uzito. Nikafumbua jicho moja. Kisuruali kimenesa karibu kugusa sakafu, na kitabu kimo ndani kimelala, kimenenepa mashavu. Vidole vilikuwa bado vinanitazama, lakini kama wageni waliokwisha kunywa chai na hawajui waage vipi. Chenye hina kikajikuna.

"Hata mimi," kikasema chenye pete, "yangu ipo uvunguni. Chupa ya maji ya kunywa."

"Yangu ipo nyuma ya mlango," kikasema chenye kidonda.

"Yangu nimeiacha juu ya stuli! Na mtoto yupo!"

Vikashuka kwenye mabenchi, vikatoka mbio, vinasukumana mlangoni, kila kimoja kwao. Nimeandika maonyo kurasa arobaini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona onyo langu linamwinua mtu alipokaa. Ilitakiwa nianze na mimi. Wenzangu mnaoandika, lichukueni hilo.

Orodha ikasoma mizani, ikaandika kwenye kadi. "Kimenenepa sana. Kwa hiyo kimeshuka. Namba kumi."

"Kumi?"

"Ndiyo ya mwisho. Ukitaka kulia, lia sasa, nina foleni."

Nikajitazama kama nitalia. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni ule wepesi wa shingo mtu anapotua ndoo. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Namba kumi! Mwezi mzima nilikuwa nanyata usiku kwenda kutazama kama nimeshuka, na sasa nimeshuka, na sakafu ipo, na nimesimama juu yake.

"Mama," binti akaniita kutoka juu ya kabati, "huko chini kukoje?"

"Kuna pa kukaa."

Akafikiri kidogo. Kisha akakunja gauni lake la sherehe, akaanza kushuka kinyumenyume. Nikamshikia kabati mpaka miguu yake ikagusa chini. Kitu cha kwanza aliuliza choo kiko wapi.

Mama Hoza alikuwa ameshakaa kwenye kigoda na ungo mapajani. "Lete hicho kitabu nikichague," akasema.

Nikampa. Akaumwaga ukurasa wa kumi na nne kwenye ungo kama mchele, akaanza kupembua kwa kidole. Akalipata "mzembe", akalishika kwa kucha, akalitazama kwenye mwanga kama mtu aliyepata kijiwe.

"Hili lingemvunja mtu jino," akasema, akalitupa mlangoni. Kuku wake mwekundu akaja mbio, akalidaka, akalimeza zima zima.

Kisha akalipata "jirani". Hilo hakulitupa. Akalifunga pindoni mwa kanga yake iliyotoboka. "Neno zuri hili," akasema. "Ila pale lilikaa vibaya."

"Shoga," nikamwambia, "wiki sita zote, mbona hukusema? Ungesimama bombani ukasema siku moja tu."

"Ningesema mimi, ingekuwa kesi," Mama Hoza akajibu, anapeta. "Nilikuwa nangoja useme wewe, iwe habari."

"Na kama nisingesema?"

Akapeta mara mbili tatu. "Basi ningehamia upande wa mashine," akasema, na mashine ikacheka mpaka mkanda wake ukakatika, na mlio wa mkanda ndio ulioniamsha.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Mwajabu ameshaondoka kwenda shule, kikombe chake cha chai kiko juu ya meza, ukingoni kabisa. Nikakisogeza kati. Nilikaa kitandani nikajipapasa, na ule wepesi wa shingo ulikuwa bado upo.

Ng'ambo ya ua nikasikia kuku anakohoa. Si kulia kama kuku. Anakohoa, kama mtu aliyekwamwa na kitu kooni.

"We kuku we," sauti ya Mama Hoza ikasema, "tangu alfajiri khoo, khoo. Umemeza nini?"

Nikanyoosha mkono nikachukua kitabu changu, nikafungua ukurasa wa kumi na nne. Mistari yote ipo, nukta zote zipo. Maneno mawili hayapo. Mahali pake ni karatasi nyeupe tu, safi, kama hapakuwahi kupigwa chapa.

Nikajifunga kanga, nikaenda mpaka kwenye ua.

"Ni neno langu hilo, shoga," nikaita. "Mpe maji. Nakuja nikueleze."

Kuku akaacha kukohoa. Kisha nikasikia komeo la mlango wake linafunguliwa, polepole, kwa ndani.